Flashi ya bluzi ya Mwanjelwa: nimeijaribu kutoka Tunduma hadi Kitonga

Nianze na flashi mbovu, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka kwenye nzuri.

Mwezi wa tatu nilinunua flashi stendi, kwa kijana anayetembeza chaja na spika ndogo. Shilingi 15,000, juu imeandikwa kwa kalamu nyeupe “Bluzi Kali 1000”. GB 32, akaapa. Nikaichomeka nikiwa natoka Morogoro na mbolea kupandisha nyanda za juu. Wimbo wa kwanza umeandikwa Dolly Parton, I Will Always Love You. Ikaanza sauti peke yake bila ala, ya juu, inavuta, nikajua hapa nimeliwa. Huyo ni Whitney Houston, wa mwaka 1992. Dolly ndiye mtunzi na wake aliutoa 1974, na anauimba kama mtu anayeaga mlangoni mfuko ukiwa mkononi. Wote wazuri, sikatai. Lakini nikiagiza ugali usiniletee wali ukaniambia vyote ni wanga.

Nikaendelea. All by Myself imeandikwa Eric Carmen, anayeimba ni Celine Dion. Purple Rain ya Prince, ile ndefu ya dakika 8 na ushee, imekatwa kabla gitaa halijaanza kulia. Hotel California imepigwa kinanda kitupu, hakuna mwimbaji, kama ule muziki wa kusubirishwa kwenye simu. Kabla sijafika wimbo wa 400 redio ikagoma kusoma. Binti yangu alipoichomeka kwenye kompyuta akaniambia, “Baba, hii imedanganywa. Inajionyesha GB 32 lakini tumbo lake ni dogo, nyimbo zilizozidi hazikuandikwa popote.” Safari iliyofuata nilimtafuta yule kijana. Hayupo, na wenzake hawajawahi kumwona.

Sasa kwa vijana wanaosoma hapa, nifafanue. Sisi tukisema bluzi hatumaanishi muziki wa watu weusi wa Mississippi. Bluzi ni wimbo wowote wa Kizungu wa taratibu, ule ambao disko ikifika saa sita usiku DJ anapunguza taa, wenye wenzao wanashikana mabega na wasio na wenzao wanakumbuka wana kiu. Roki laini, popu, hata kantri, vyote tuliviweka kapu hilo moja. Wala si Wamarekani peke yao. Scorpions ni Wajerumani wa Hannover, Roxette ni Waswidi, Air Supply wametokea Australia. Kwetu wote walikuwa Wazungu wa bluzi.

Mimi naendesha semi, Tunduma hadi Dar na kurudi. Nyumbani ni Ilomba, Mbeya. Nina miaka 54, na nimekaa kwenye kabini tangu nikiwa na 17, nilipoanza kama utingo kwenye Scania 112 ya mjomba tukibeba saruji ya Songwe. Kazi ya utingo haikuwa kuweka gogo nyuma ya tairi na kuchota maji tu. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kanda. Kanda ya dakika 90 ni 45 upande huu na 45 upande ule, ikiisha unageuza. Mjomba akitaka wimbo urudiwe, huachi redio irudishe yenyewe, maana inakula mkanda. Unaitoa, unachomeka kalamu ya Bic kwenye jicho lake, unazungusha kwa mkono mpaka kidole gumba kinawaka. Kanda ya Kenny Rogers ikiliwa, siku hiyo na wewe huli.

Mjomba alikuwa na Kiingereza cha darasa la saba kilichochanganyika na cha mpakani. Yeye ndiye alinifasiria Lucille, ule wa 1977. Mwanamke, akasema, yuko baa amevua pete. Mumewe mkulima anamfuata, mikono imekomaa kwa jembe, na anamlaumu kwamba amemkimbia mazao yakiwa bado shambani na watoto mia nne nyumbani. Mia nne! Nilikuwa nimejilaza kitanda cha nyuma nikawaza, huyu mama wala hajakosea. Niliishi na hao watoto mia nne miaka mingi, hadi siku tulipompakia mwalimu mmoja Igawa, akacheka mpaka akakohoa. Ni watoto wanne wenye njaa, akasema, neno la njaa na neno la mia yanakaribiana kwenye mdomo wa yule Mzungu. Mjomba hakukubali. Alisema mwalimu hajawahi kuusikiliza kwenye spika nzuri.

Kwa hiyo mtu akiniuzia bluzi za uongo, ananigusa pabaya.

Aliyenielekeza Mwanjelwa, sokoni hapa Mbeya, ni fundi umeme wa magari, siku aliyokuja kunibadilishia kile kidude cha kushusha umeme kutoka volti 24 za lori hadi 12 za redio. Akaniambia nyuma kule, ukipita wauza mitumba ya makoti, kuna mama ana kibanda cha bati cha bluu. Hakina jina. Kibao kimeandikwa TUNAREKODI NYIMBO, na hilo neno limebaki tangu enzi za kanda, kwa maana siku hizi harekodi mtu, watu wanajaza flashi. Yeye na marehemu mumewe walianza kurekodi kanda miaka ya themanini. Kanda zilipokufa wakahamia CD, na hizo CD bado zipo, ukuta mzima, amezipanga kwa miaka na si kwa majina.

Nilimwamkia shikamoo. Akaniangalia juu ya miwani. “Marahaba, baba, ingawa mimi na wewe yawezekana tulipewa kipaimara mwaka mmoja.”

Nikamwambia nataka bluzi za zamani, kama mia hivi. Nilidhani ataniambia nisubiri nusu saa. Akavuta daftari.

“Unaendesha usiku au mchana?”

“Yote. Zaidi usiku.”

“Redio yako ni ya gari au umefunga ya Kichina?”

“Ya Kichina.”

“Una utingo? Anapenda nini?”

“Singeli.”

Akaguna, akaandika. “Bluzi ya kwanza uliyoisikia ukajua hii ni bluzi?”

“Kenny Rogers.”

“Kenny Rogers yupi, wa Lucille au wa Lady?”

Hapo nikavuta kigoda nikakaa. Watu wengi hawajui kuna tofauti. Ule wa Lucille ni kantri ya kusimulia, mtu anakupa kisa kama yuko kijiweni. Lady wa mwaka 1980 ni kitu kingine, ni bluzi hasa, piano na mtu anaomba. Mama akaniambia sababu: Lady umetungwa na Lionel Richie. Na kweli ukiusikiliza ukijua hilo, unamsikia Richie anatembea chini ya sauti ya Kenny. Halafu akaniongezea kwamba Islands in the Stream, wa Kenny na Dolly wa 1983, ni utunzi wa Bee Gees. Mimi huo nimeusikiliza miaka zaidi ya 40 na sikuwahi kujua. Binti yangu alihakikisha kwenye simu. Ni kweli.

Tulikaa karibu saa mbili. Wateja wengine walikuja, wakaambiwa wakae au warudi. Hii ndiyo lawama yangu ya kwanza na wengine wataiona kubwa: ukienda pale na haraka yako utaondoka nayo vilevile. Kuna mama mmoja alitaka nyimbo kumi tu za harusi ya mdogo wake, akakalishwa mpaka akaenda zake kununua vitumbua akarudi.

Bei ni shilingi 100 kwa wimbo. Flashi ya GB 8 nilinunua kwake kwa 12,000. Aliichomeka kwanza, akaijaza mafaili makubwa mpaka ikajaa kweli, akayafungua moja moja kuona yanasomeka, ndipo akayafuta. Nikamuuliza anafanya nini. “Naipima tumbo, baba. Wengine wanauza kabati lenye mlango mmoja wa kuchorwa.” Nikakumbuka yule kijana wa stendi nikanyamaza.

Nyimbo zenyewe amezitoa kwenye CD zake, kwa ubora wa juu, wimbo wa dakika nne unakula kama MB 9 na kitu. Zile za flashi mbovu zilikuwa chini ya MB 2, ndiyo maana matoazi yalilia kama mafuta ya kukaangia. Tena anafanya kitu ambacho sijaona mwingine akikifanya: anasawazisha sauti. Nyimbo za miaka ya sabini zilitoka na sauti ya chini, za tisini zinapiga kelele. Ukizichanganya hivihivi mkono hautoki kwenye redio, na dereva mkono wake una kazi nyingine. Kwenye hii flashi nimeweka sauti 18 Tunduma na sikuigusa mpaka Makambako.

Jambo la pili ni mpangilio. Hizi redio za Kichina, nyingi hazifuati alfabeti. Zinapiga kwa mpangilio ule faili zilivyoingizwa. Ukikokota nyimbo zote kwa mpigo, zinaingia zinavyotaka zenyewe. Mama anaingiza moja, inamaliza, anaingiza ya pili. Folda tisa, na kila folda ameipima dakika 45 au karibu na hapo. Nikamuuliza kwa nini 45. “Upande mmoja wa kanda,” akasema, kama vile nimemuuliza kwa nini wiki ina siku saba. Folda zenyewe zimeandikwa Upande wa Kwanza, wa Pili, hadi wa Tisa.

Jumla nyimbo 84 za kulipiwa. Alinidai 20,000, mia nne akaisamehe. Najua kuna atakayeuliza wenye nyimbo wanapata nini kwenye ile mia yangu. Hawapati kitu, na sina jibu zuri. CD alizinunua, lakini mimi sikununua kwao.

Tuje barabarani.

Nilianzia kwenye foleni upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, ambako nilikaa siku moja na nusu. Foleni ndipo mahali pa kujua flashi, maana hakuna mlio wa injini wa kuficha ubaya. Folda ya kwanza ameiweka kantri: Jim Reeves, Don Williams, Kenny. Milango ya kabini iko wazi, na dereva wa Zimbabwe aliyekuwa mbele yangu akaja na kikombe chake cha chai aliposikia You're My Best Friend. Akaniambia Don Williams alifika Harare mwaka 1997 akapiga, naye alikuwepo, na watu waliimba kwa sauti kuliko yule jamaa mwenyewe, ambaye hata hivyo si mtu wa kupaza sauti. Alikaa kwangu mpaka chai ikaisha. Kijana wangu utingo, aliyekuwa amelala na kofia usoni, akauliza, “Suka, kwani kuna msiba?”

Hilo ndilo tatizo la kizazi chake, bluzi wamezisikia matangani. Nilimwachia mpaka tulipovuka, tukapima uzito Mpemba, tukaipita Vwawa. Karibu na Mlowo, kahawa ya watu ikiwa imeanikwa kando ya barabara, ikaja Love of My Life ya Queen, ya 1975. Nikamwambia huyu mwimbaji amezaliwa Unguja. Akacheka. Nikamwambia Freddie Mercury, jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, Unguja, 1946, familia yake iliondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Akatoa simu akatafuta. Alikaa kimya mpaka Senjele. Pale kwenye mteremko ndipo aliposema, “Kumbe ni wetu,” akaomba urudiwe. Nilikataa, Senjele hakuna kurudia wimbo, kuna kuangalia breki.

Mama alinieleza kanuni yake ya folda za usiku, ya nne hadi ya sita. Kila baada ya bluzi nne unakuja wimbo mmoja wa kuamsha. Alisema bluzi ni dawa ya usingizi na hajawahi kutaka kuwa na damu ya mtu kwenye daftari lake. Nilidhani maneno tu ya mwenye biashara. Tulitoka Uyole saa tatu usiku, tukashuka Inyala polepole kama kawaida, na kwenye mashamba ya mpunga ya Chimala, kiza kitupu, Hello ya Lionel Richie imepita, One More Night imepita, nikahisi kope zinashuka. Ikaanza In the Air Tonight ya Phil Collins, ya 1981. Huo wimbo unatambaa dakika tatu na nusu na zaidi bila ngoma za maana, halafu ngoma zinaanguka zote kwa mpigo kama gunia la viazi kutoka juu ya lori. Utingo aliyekuwa amesinzia aliruka akashika dashibodi. “Tumegonga nini?” Nilicheka mpaka Igawa. Usingizi ulikwisha kabisa.

Nyimbo nyingine za kuamsha ni Boney M, wawili watatu wa Mbaraka Mwinshehe, na Africa ya Toto. Hii ya mwisho tulibishana. Mama hakutaka kuiweka kwa sababu imeunganisha Kilimanjaro na Serengeti kama jirani wa mtaa mmoja. Nikamwambia mama, waliouandika walikuwa Marekani, ramani hawakuwa nayo karibu. Akasema wangeuliza. Aliiweka, ila bila furaha.

Na kuna ambao aliukataa katakata. Niliomba Wind of Change ya Scorpions. Akasema, “Unaanza na mluzi. Dereva mwenye usingizi akisikia mluzi saa nane usiku anafikiri ni trafiki, anakanyaga breki, wa nyuma anamwingia.” Sijui kama alishawahi kusikia kisa hicho au alikitunga palepale, lakini sikuwa na hoja. Akanipa Still Loving You, 1984, ile nzima ya dakika 6 na ushee, na hapo ndipo niliposema huyu mama anajua. Wengine wanakupa iliyokatwa kwa ajili ya redio, na yule mwimbaji anahitaji ule muda wote kufika pale juu anapofika mwisho. Hata Total Eclipse of the Heart ya Bonnie Tyler kampa dakika zake karibu saba. Purple Rain ipo yote, gitaa lote.

Makambako tulisimama kwa chai na viazi vya kukaanga, baridi inakata masikio. Mafinga ukungu ulikuwa mzito, misonobari huioni, unaona mstari mweupe tu wa barabara, na spidi yangu ilikuwa ya mtu anayesukuma baiskeli. Hapo ikaja Bryan Adams, ule mrefu wa 1991 uliokaa namba moja Uingereza wiki 16 mfululizo. Sitaandika mengi. Krismasi ya 1992 nilimkanyaga mwanamke mmoja kiatu cheupe wimbo huo ukipigwa, na hadi leo anasema kile kiatu hakikutakata. Nilimpigia kutoka Mafinga nikamwekea spika. Akasema, “Unajua saa ngapi?” akakata.

Sasa makosa.

Kubwa ni kwaya. Kila folda, wimbo wa mwisho, ameweka wimbo wa kwaya. Sikuuomba, sikuulizwa. Yeye ni mwanakwaya wa Moravian, na kwa maelezo yake mtu hawezi kusikiliza mapenzi ya dunia dakika 40 bila kushukuru hata nne. Hakunitoza, ni kweli, tisa zote ni bure. Lakini mimi ni mteja, nina haki ya kuulizwa. Nikimaliza Sacrifice ya Elton John nataka kukaa nayo kidogo, sitaki soprano. Mara moja tu ndipo nilipomwelewa. Folda ya sita, bluzi ya mwisho kabla ya kwaya ni I Want to Know What Love Is ya Foreigner, na ule wimbo una kwaya kweli ndani yake, New Jersey Mass Choir, wanaingia kwenye kiitikio nyuma ya mwimbaji. Ukiisha, wanapokea wanakwaya wa Mbeya, na kwa sekunde kadhaa hujui nani kaishia wapi. Huo niliusikiliza hadi mwisho. Wale wengine wanane naruka.

La pili, hakupi orodha. Hakuna karatasi, na majina mengine ya faili ameyaandika kwa mkato wake mwenyewe: “Philip taratibu”, “Yule wa Wales”. Zile za kwaya zote zimeanza na AAA, eti zikae juu kwenye kompyuta yake asizipoteze. Nikitaka wimbo fulani lazima nikumbuke uko upande gani, kama enzi za kalamu ya Bic.

La tatu, Air Supply ni nyingi mno. Saba! All Out of Love inatosha, weka na mwingine mmoja. Nadhani marehemu mumewe alikuwa mpenzi wa Air Supply, sikutaka kuuliza.

Hana huduma ya simu. Binti yangu alipendekeza amtumie orodha kwa WhatsApp, mama akasema orodha haina uso. Hafungui Jumapili, na Jumatano mchana anafunga mapema kwa mazoezi ya kwaya. Ukienda, nenda asubuhi, beba na hela ndogo, na ujue utaulizwa maswali. Nampa nane kwa kumi. Mbili nimekata za kwaya, Air Supply zimesalimika kwa heshima ya marehemu.

Kwenye mteremko wa Kitonga nilizima redio. Sina neno la kusema juu ya Kitonga, anayeshuka pale anajua anasikiliza kitu gani. Tulifika Ruaha Mbuyuni salama, tukanunua vitunguu, nikawasha, na folda ikaendelea pale ilipoishia.

Kuna dereva mwenzangu wa Soweto ya hapa Mbeya aliyeisikia flashi hii yadi Dar, akaing'ang'ania. Nikamwambia aende Mwanjelwa mwenyewe. Akasema hana saa mbili za kukaa kwenye kigoda, mimi nimpe tu anakili. Nikampa. Akazikokota zote kwa mpigo kwenye laptopu ya mtu, akazimwaga kwenye flashi yake bila folda, zikajipanga kwa alfabeti. Wiki iliyopita alinipigia kutoka Nakonde, kwenye foleni, amefoka. Anasema amewasha bluzi na imeanza kwaya, ikaisha ikaja kwaya nyingine, ziko tisa zimefuatana, na madereva wa jirani wameshazima redio zao na kuvua kofia wakidhani anaendesha ibada.